Mwacheni Mpiga Gitaa na Kapo Yake

Kuna hukumu inayotembea miongoni mwa wapiga gitaa wa nchi hii, na hapa Tabora imeota mizizi: anayefunga kapo kwenye shingo ya gitaa ni mvivu, hazijui kodi zake, na amekuja kudanganya watu. Mwalimu humwambia mwanafunzi, "Toa hicho kibanio, ujifunze muziki." Mazoezini, kijana anayechomoa kapo mfukoni huulizwa mbele ya wenzake kama amekuja kupiga au kuigiza. Wengine hawasemi kitu, ila hukunja uso, na kijana huyo wiki ijayo anakuja bila kapo, anapiga vibaya, na anasifiwa kwa bidii.

Naipinga hukumu hiyo yote. Haina msingi katika muziki wala katika historia ya mahali hapa, na wanaoumizwa nayo zaidi ni waimbaji, watu ambao mara nyingi hata hawajui kwamba kuna mabishano kama haya.

Kwa asiyekijua kifaa chenyewe: kapo ni ubao au chuma kidogo chenye mpira kwa chini, kinachobana nyuzi zote sita kwa pamoja kwenye freti moja. Kila freti ni nusu toni. Ukifunga kapo freti ya pili, gitaa zima limepanda toni moja. Vidole vyako vinapiga umbo la G, masikio ya watu yanasikia A. Uzi uliokuwa na urefu wa sentimita 65 sasa unalia kwa sentimita 58 hivi. Hakuna kingine kilichobadilika. Kodi bado unazibana mwenyewe, mdundo unautia mwenyewe, na kama hujui kupiga, kapo haitakupigia.

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni kwamba mpiga gitaa kamili anapiga ufunguo wowote kwa baa kodi, kidole cha shahada kikilala juu ya nyuzi zote. Ni kweli anaweza. Nawaomba tu waende kwenye mazoezi ya kwaya yoyote, iwe ya parokia, iwe ya Moravian au ya KKKT, wakae nyuma na kusikiliza hadi mwisho. Wimbo umeandikwa Doh ni A. Mwimbaji wa leo ni mama mwenye sauti nzito ya pili, na ubeti wa kwanza anauweza. Ubeti wa pili mishipa ya shingo inamtoka. Ikifika noti ya juu ya kiitikio, sauti inakatika na kuwa pumzi tupu. Anamgeukia mpiga gitaa na kumwomba ashushe kidogo. Mahali panapomfaa ni F#, na mpiga gitaa anapajua, lakini F# kwa mikono mitupu ina maana ya F#, B na C# zote za kubana kidole, mwanzo hadi mwisho, kwa saa nzima ya mazoezi na saa nyingine ya ibada. Basi anajibu, "Mama, zoea tu, utafika." Hatafika. Koo lina mpaka wake, na mpaka huo hausogezwi kwa kuzoea Jumamosi moja.

Kijana mwenye kapo angefunga freti ya pili, akapiga umbo la E, na mama angeimba. Kazi ya sekunde mbili. Hapo ndipo ninaposimama katika ubishi huu: ufunguo wa wimbo ni mali ya koo la mwimbaji. Mkono wa mpiga gitaa unafuata. Mpiga gitaa anayemlazimisha mwimbaji aimbe pale vidole vyake vinapostarehe ameugeuza muziki miguu juu kichwa chini, hata kama anajua baa kodi zote za dunia.

Hoja ya pili hutolewa kwa sauti ya heshima, nami naijibu kwa heshima. Wanasema: huu ni mji wa Kiko Kids ya Salim Zahoro, mji wa Nyanyembe Jazz, mji wa Tabora Jazz na Segere Matata yake, ambako Shem Karenga alitunga na kupiga. Wazee wale, wanasema, walicharaza bila vibanio, sisi tumekuwaje?

Tukubali kwamba ilikuwa hivyo. Bendi ya dansi ya zama zile ilikuwa na waimbaji wake wa kudumu. Nyimbo zilitungwa ndani ya bendi, zikazoezwa kwa miezi, na ufunguo ukachaguliwa siku ya kwanza kwa kupima sauti ya mwimbaji pamoja na tarumbeta na saksofoni, vyombo ambavyo vina funguo zake vinavyozipenda: Bb, Eb, F. Magitaa yalikuwa mawili au matatu, ya umeme, na kila moja lilishika kamba yake: rhythm hapa, solo kule, besi chini. Hakuna gitaa moja lililobeba wimbo mzima peke yake. Kijana wa leo wa Isevya au Ng'ambo hana bendi hiyo. Ana gitaa moja la mbao, na katika harusi moja atawapigia shangazi wa bibi harusi, kaka wa bwana harusi, watoto wa kwaya na mchungaji mwenyewe, kila mmoja na koo lake, bila mazoezi, na wimbo anatajiwa papo hapo. Kumpima kijana huyu kwa kipimo cha Tabora Jazz ni kuwaonea wote wawili, yeye na wazee.

Halafu kuna jambo la sauti yenyewe, na hapa ndipo wapinzani wanaposikia kidogo kuliko wanavyodhani. Gitaa la mbao linaishi kwa nyuzi zilizoachwa wazi. Piga G ya kawaida: nyuzi tatu kati ya sita hazijaguswa na kidole, zinalia kwa urefu wake wote, na zinaendelea kulia wakati vidole vinahamia kodi nyingine. Baa kodi inaziba hayo yote. Kila uzi umebanwa na nyama ya kidole, na kidole kikilegea kidogo sauti inakufa. Kwa mdundo mkavu wa kukata, sawa, hiyo inafaa, na mpiga rhythm wa dansi aliitaka hivyo. Kwa wimbo wa taratibu unaobebwa na gitaa moja, unasikia tofauti kabla hujaambiwa.

Sikio hilo la kupenda uzi ulio wazi ni la zamani sana katika njia ya misafara iliyopita hapa. Kabla gitaa halijafika, kulikuwa na zeze la ubao lenye kibuyu, si lile la Wagogo linalopigwa kwa upinde. Lina vituta vichache mwishoni mwa mti, ambapo vidole hubana uzi na kutoa noti, na pembeni kuna uzi mwingine ambao haubanwi, unalia vilevile wimbo mzima. Chombo hicho kilitembea na misafara kutoka pwani, kikapita Unyamwezi, kikavuka Ziwa Tanganyika hadi Kongo ya mashariki. Aliyekipiga kandokando ya moto, kambini, hakujua neno oktavu wala neno kapo, lakini alijua kwamba wimbo unahitaji uzi mmoja usioguswa. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, muziki ulianza kusafiri kwa garimoshi, na baadaye gitaa likashika nafasi ya zeze. Hamu ya masikio ilibaki ileile. Kapo inaiheshimu hamu hiyo: inahamisha ufunguo na kuziacha nyuzi zilie.

Wanyamwezi walioifanya njia ya Bagamoyo hadi Ujiji iwe njia walibeba mizigo ya karibu frasila 2, kilo 30 na ushei, kwa miezi. Aliyejitwika kichwani aliweka ngata. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba ngata ndiyo iliyobeba mzigo.

Nina swali jingine kwa walimu wa kwaya. Kinanda cha umeme kina kitufe cha kuhamisha ufunguo, na karibu kila mpiga kinanda ninayemjua hukibonyeza. Anacheza C, chombo kinatoa Eb, na ibada inaendelea. Sijawahi kusikia mpiga kinanda akiitwa mdanganyifu kwa hilo. Mwenye gitaa akifanya jambo lilelile kwa kipande cha chuma, anakemewa. Kama ni kosa, liwe kosa kwa wote. Mimi naona si kosa kwa yeyote, ila mwenye kapo ana haki kubwa zaidi ya kusifiwa, kwa sababu yeye hana skrini inayomwonyesha namba. Lazima ahesabu kichwani.

Maana kapo ina hesabu yake. Inapandisha tu, haishushi. Mwimbaji akiomba ushuke kutoka G hadi F, huwezi kusogeza kapo chini ya sifuri. Lazima ubadilishe umbo. Umbo la E na freti ya kwanza ni F. Umbo la D na freti ya tatu ni F pia, lakini sauti yake ni nyepesi, ya juu, na itamfaa mwimbaji mwenye sauti nzito ili gitaa lisimfunike. Umbo la C na freti ya tatu ni Eb. Umbo la G na freti ya tatu ni Bb, na kwa freti ya kwanza ni Ab. Mtu anayejua haya na kuchagua kati ya mawili kwa kusikiliza koo la mwenzake anaujua muziki. Nani atasema hajui?

Hapa nawapa wapinzani haki yao. Yupo kijana anayejua maumbo ya G, C na D tu, anayeisukuma kapo hadi freti ya tisa ili akwepe umbo jipya, na gitaa linabaki kulia kama chombo cha mtoto. Huyo anahitaji kufundishwa. Afundishwe baa kodi, kwa sababu siku moja kapo itavunjika au itasahaulika nyumbani, na kwa sababu mkono usiojua kubana ni mkono nusu. Lakini tiba ya ujinga wake ni somo. Kumnyang'anya kapo hakumfundishi kitu.

Wala dunia haiko upande wa wapinzani. Wahispania wa flamenco, ambao hakuna mwenye akili anayewaita wavivu wa vidole, hawapandi jukwaani na mwimbaji bila kapo yao, inayoitwa cejilla. Mpiga gitaa anamuuliza mwimbaji anataka freti ya ngapi, na anafunga hapo. Kule Marekani James Ashborn alisajili hataza ya kapo mwaka 1850. Albert Collins, mmoja wa wapigaji wakali kabisa wa blues ya umeme, aliipiga maisha yake yote na kapo shingoni mwa gitaa. George Harrison wa Beatles alifunga freti ya 7 katika wimbo wake maarufu wa jua, mwaka 1969. Siwataji ili tuwaige. Nawataja kwa sababu mwanafunzi huambiwa kwamba "wapigaji wakubwa hawatumii", na maneno hayo si kweli.

Lawama moja dhidi ya kapo nakubaliana nayo, na inatokana na kapo mbaya. Watu wengi walioichukia waliichukia kwa sababu ile waliyoijaribu kwanza iliharibu sauti. Kwa hiyo tuzungumze juu ya kuchagua.

Zipo za springi, kama Kyser, unazofinya kwa mkono mmoja. Ndizo za haraka kuliko zote, na ndizo za kubadilisha ufunguo katikati ya wimbo. Ubaya wake ni kwamba nguvu ya springi haipunguzwi wala haiongezwi. Ikiwa kali mno kwa gitaa lako, inazivuta nyuzi na kuzipandisha kidogo, hasa uzi wa tatu. Zipo za skrubu au za mkono wa kufunga, kama Shubb, ambazo unapima mwenyewe ibane kiasi gani. Sauti yake ni safi, ila zinataka mikono miwili na utulivu. Zipo za mkanda wa mpira wenye matundu, za bei ndogo, ambazo jua la Septemba na Oktoba hapa kwetu huukausha mpira wake hadi unapasuka.

Kabla ya bei, angalia shingo ya gitaa lako. Gitaa la nyuzi za nailoni lina shingo pana, sentimita 5 hivi, na uso wake ni bapa kabisa. La nyuzi za chuma lina shingo nyembamba zaidi na uso wenye mbinuko mdogo kutoka uzi wa kwanza hadi wa sita. Kapo iliyonyooka ukiifunga kwenye shingo yenye mbinuko, inabana sana nyuzi za kati na kuziacha za pembeni zikikoroma. Yenye mbinuko ukiiweka kwenye shingo bapa, za pembeni zinabanwa na za kati zinakoroma. Hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi: mtu ana kapo nzuri ya gitaa la chuma na anaifunga kwenye la nailoni, kisha anailaani kapo.

Dukani usinunue ikiwa ndani ya pakiti. Nenda na gitaa lako. Tyuni nyuzi zikiwa wazi, funga kapo freti ya pili, kisha gusa uzi mmoja mmoja, polepole, kuanzia wa sita. Uzi unaokoroma haubanwi vya kutosha. Uzi uliopanda umebanwa kupita kiasi. Rudia freti ya kwanza na ya tano, kwa sababu shingo inanenepa kadiri unavyoshuka kuelekea tumbo la gitaa, na springi iliyofaa juu huenda ikakaba zaidi chini. Chunguza mpira wake: ukiingia kucha na kubaki na alama, ni laini mno, nyuzi zitauchimba mifereji na baada ya muda hazitabanwa sawasawa.

Unapoifunga, iweke karibu kabisa na freti, upande wa kichwa cha gitaa, bila kuilalia. Ikiwa mbali, katikati ya nafasi, nyuzi zitavutika. Ikiwa juu ya freti yenyewe, sauti inafifia. Inyooshe ilingane na freti, isikae mshazari. Baada ya kuifunga, pitisha sikio tena kwenye nyuzi. Wengi hutyuni, hufunga, na kuanza. Halafu kwaya inasikika imetengana na gitaa, na lawama inakwenda kwa waimbaji.

Na kubadilisha katikati ya wimbo? Mtindo wa kupandisha ufunguo ubeti wa mwisho umeenea makanisani, na kwa kapo ya springi unafanyika vizuri ukiupanga. Wimbo ukianza F, anza na umbo la E freti ya kwanza, ili ukipanda hadi G utue freti ya tatu, mahali ambapo gitaa bado lina mwili. Kama unaanzia nyuzi wazi, ibane kapo kule kwenye kichwa cha gitaa, iwe inasubiri karibu. Wimbo wa mapigo 100 kwa dakika unakupa sekunde 2.4 katika bari moja ya mapigo manne. Kubaliana na mpiga ngoma ajaze bari hiyo. Mkono wa kulia unazima nyuzi, wa kushoto unafinya, unainua kapo kabisa hadi iache kugusa nyuzi, unahama, unaachia. Usiiburute juu ya nyuzi. Kuburuta ndiko kunakoharibu tyuni. Kodi ya kwanza ya ufunguo mpya ipige kwa upole, usikie kama imekaa, ndipo uongeze nguvu.

Jambo moja zaidi, dogo kwa kulisema na kubwa kwa madhara. Mwenye kapo akimwambia mpiga besi "tuko G" wakati kapo iko freti ya tatu, besi italia G na gitaa litalia Bb, na wimbo utabomoka kwenye noti ya kwanza. Taja sauti inayosikika, usitaje umbo la vidole. Makanisani tunayo lugha nzuri ya hili tayari: sema Doh ni Bb, kila mtu atajua aende wapi.

Gharama pia haiwezi kuwa kisingizio cha kuikataa. Kwa dharura, penseli imara na ubamba wa tyubu ya baiskeli uliokazwa nyuma ya shingo vinatosha kuumaliza wimbo. Kwa matumizi ya siku zote, ile cejilla ya Kihispania ni kipande cha mbao chenye ngozi upande wa chini, na kigingi kinachokaza uzi wa nailoni unaozunguka shingo, kama vigingi vya chombo chochote cha nyuzi. Mkoa huu una mninga na una mafundi wanaochonga vitanda na milango kwa ustadi mkubwa. Fundi anayeweza kutengeneza kiungo cha kiti anaweza kuichonga kapo hiyo kwa vipande anavyotupa, na itafaa zaidi magitaa ya nailoni yenye shingo bapa kuliko nyingi zinazoletwa kutoka nje.

Walimu wa gitaa na viongozi wa kwaya wa Tabora, Urambo, Sikonge, Nzega na Kigoma, nawaomba jambo moja. Mazoezi yajayo, kabla mtu hajagusa uzi, mpeni mwimbaji nafasi aimbe ubeti mmoja bila chombo, mahali anapojisikia. Tafuteni noti hiyo ni ipi. Kisha mwacheni mpiga gitaa afunge kapo pale koo la mwimbaji lilipoangukia, na mazoezi yaanzie hapo.